Namna ya Kuwa Mpiga Mbizi Ukiishi Busia

Mwongozo huu ni wa mtu wa Busia, Malaba au Tororo aliyetazama kasa na matumbawe kwenye simu yake usiku mmoja, akaamka asubuhi na nia ya kuwa mpiga mbizi. Mji wake una foleni ya malori, una mawakala wa forodha, una wabadilisha pesa wenye mabunda mkononi, una bodaboda kila kona. Bahari tu ndiyo hauna. Kutoka Busia hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 900. Ukimweleza jirani yako mpango huo atacheka mpaka ashike mbavu. Mwache amalize kucheka, kisha mvutie kiti, kwa sababu kazi iliyo hapa chini inamhitaji na yeye.

Itafute bahari yako

Hatua ya kwanza ni kufuata maji. Subiri mvua kubwa, vaa gambuti, utoke nje uangalie mtaro wa mbele ya duka lako unaelekea wapi.

Ukiwa Busia, maji hayo yanakimbilia Mto Sio, ule ule unaochora sehemu ya mpaka wa Kenya na Uganda. Yanapita kwenye kinamasi cha Sio-Siteko, yanaingia Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Berkeley karibu na Sio Port. Ziwa lote hilo, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, mahali Mto Nile unapoanza safari. Ukiwa Tororo hadithi ni nyingine. Mto Malaba unateremka kutoka Mlima Elgon, unapita mpakani, unageukia magharibi na kuungana na Mpologoma, kisha unaingia Ziwa Kyoga bila kuligusa Ziwa Victoria hata kidogo. Lakini Kyoga nalo liko kwenye njia ya Nile. Kwa hiyo miji miwili jirani, inayoshiriki barabara, ndoa na madeni, hugawana mvua moja ikaenda maziwa mawili, na mvua hiyo ikakutana tena Kyoga. Kutoka hapo ni Ziwa Albert, kinamasi cha Sudd huko Sudan Kusini, Khartoum, Aswan, halafu matawi mawili ya Rashid na Dumyat yanayomwaga kwenye Bahari ya Mediterania. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 5,000.

Basi mpiga mbizi wa Busia ana bahari mbili. Kuna ya Hindi, atakayokwenda kuizamia, na kuna ya Mediterania, ambayo anaipelekea maji kila mvua inaponyesha, hata kama hajawahi kuiona. Ukitaka kuliamini jambo hili kwa macho, panda Mwamba wa Tororo asubuhi, anga ikiwa safi. Elgon iko kaskazini mashariki, tambarare ya kuelekea Kyoga iko magharibi, na wewe uko katikati ya mfereji mkubwa.

Msomaji makini atauliza: kweli uchafu wa Busia unafika Misri? Mwingi unanaswa njiani, kwenye mafunjo, kwenye matope, kwenye mabwawa. Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, linazuia karibu tope lote la Nile, ambalo sehemu yake kubwa hutoka milima ya Ethiopia. Na hapo ndipo sayansi ya bahari ilipopata somo kubwa. Tope lile lilipozuiwa, rutuba yake haikufika tena baharini, na uvuvi wa sadini wa pwani ya Misri ukaporomoka. Samaki wa maji ya chumvi walikuwa wakiishi kwa udongo wa milimani. Ukishalielewa hilo huwezi tena kusema kwamba bahari ni mambo ya watu wa pwani. Na uchafu usiofika Misri haujapotea. Umebaki kwetu, kwenye maji tunayokunywa na samaki tunaokula.

Jifunze kuogelea, tena mwaka huu

Miwani, mrija na mapezi ya miguu vinapendeza dukani, lakini havijawahi kumwokoa mtu asiyejua kuelea. Mkufunzi wa kozi ya mwanzo atakutaka uogelee mita 200 bila kusaidiwa, kisha uelee dakika 10 bila kushika kitu. Hajali kasi yako wala mtindo wako. Mtoto wa miaka 10 anaruhusiwa kuanza kozi, kwa hiyo usiende peke yako. Wachukue watoto, na zaidi wachukue binti zako, ambao mara nyingi huambiwa kwamba maji ni ya kuchota tu.

Mahali pa kujifunzia ni bwawa la hoteli. Mtoni hapana, hata kama wewe ni hodari. Ukiwa umevuka miaka 40 na watoto waliomo bwawani wakakucheka, waombe wakufundishe. Mtoto wa miaka 9 aliyezoea maji ni mwalimu mzuri, anaeleza kwa mifano, hachoki kurudia, na ada yake ni sahani ya chipsi.

Jambo hili nalisema kwa uzito wote. Wavuvi wengi wa ziwa letu hawajui kuogelea, na mitumbwi inatoka Port Victoria na Majanji usiku bila jaketi hata moja la kuelea. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara, watu wakitazama kutoka ufukweni. Walikufa 228. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa akiwa hai fundi mitambo aliyekuwa amejifungia kwenye chumba kilichobaki na hewa. Ujuzi huo ndio ningependa uwepo kwenye kila bichi ya ziwa hili, uwe mikononi mwa vijana wa pale pale, si wa kusubiri gari la serikali litoke mjini.

Kozi yenyewe ni fizikia iliyovaa maji. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo ulio sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mapafu yako ikipelekwa mita 10 inabanwa ikawa nusu. Ikipelekwa mita 30 inakuwa robo. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mwenye mtungi wa hewa ni kutozuia pumzi anapopanda: hewa iliyobanwa inapanuka, na mapafu yaliyofungwa hupasuka. Cheti cha kwanza kinakuruhusu mita 18. Zinatosha. Rangi nzuri za baharini nyingi ziko juu ya hapo, kwa sababu maji hunyonya wekundu kwanza, na ukishuka sana kila kitu kinakuwa buluu.

Ziwani, soma kwanza

Sasa utatamani kuvaa mtungi na kuingia Majanji Jumamosi inayofuata. Ngoja.

Kichocho kinakaa kando ya ziwa, kwenye maji yaliyotulia yenye majani, wanakoishi konokono wake, na viini vyake hupenya ngozi bila wewe kuhisi. Dawa yake, prazikwanteli, inafahamika hata zahanati, lakini kuutafuta ugonjwa kwa makusudi ni ujinga. Midomo ya mito ina viboko na mamba. Na kuna hesabu ambayo wapiga mbizi wengi wa pwani hawajawahi kuihitaji: uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mbizi yoyote ya juu ya mita 300 huhesabiwa kuwa mbizi ya mwinuko. Hewa ya kwetu ni nyepesi zaidi, hivyo tofauti kati ya mgandamizo wa chini na wa juu ni kubwa kuliko baharini. Mita 18 za Majanji, kwa hesabu ya nitrojeni, ni kama mita 20 za Mombasa. Maji yasiyo na chumvi nayo hayakuinui sana, kwa hiyo vipande vya risasi vinavyovaliwa kiunoni ili kukuzamisha hupunguzwa. Anayetaka kuzamia ziwani ajifunze hayo kwa mkufunzi aliyesomea mwinuko, asijifunze kwa kujaribu.

Kisha kuna ukungu. Kwenye maji ya karibu na mdomo wa Sio ukinyoosha mkono huenda usivione vidole vyako. Usikasirike, ukungu huo una historia ya kusikitisha kuliko meli nyingi zilizozama.

Ziwa hili lilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita. Liliporudi kujaa, samaki wadogo wanaoitwa furu, ambao Wajaluo huwaita fulu, walizaana wakatokea mamia ya spishi, kila moja na rangi yake, chakula chake na mwamba wake. Wanasayansi wa viumbe hutoka kila pembe ya dunia kuja kuwastaajabia. Jike la furu humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba maji yakichafuka, mwanga hupungua, rangi hazitofautiani vizuri, majike yanachanganya, na spishi zilizokuwa mbalimbali zinaanza kuyeyuka na kuwa moja. Yaani tope la shamba lililoingia mtoni linavunja ndoa za samaki. Ongeza sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, mwenye hamu ya kula kila kinachopita, utaelewa kwa nini mamia ya spishi hizo hazionekani tena. Dunia inalia, kwa haki kabisa, juu ya matumbawe. Msiba wa furu umetokea mlangoni petu katika maisha ya wazazi wetu, na shuleni hautajwi.

Ukifika pwani, uliza upepo

Nenda wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, maji yanapokuwa matulivu na safi. Kusi likivuma, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, bahari huchafuka na vituo vingine vya mbizi hufunga, ingawa huo ndio wakati nyangumi wanapopita Watamu. Baada ya upepo uliza mwezi. Siku za bamvua maji hujaa na kupwa kwa nguvu na mkondo ni mkali; siku za maji mafu bahari hupoa, nazo ndizo siku za mwanafunzi. Mzee yeyote wa Shimoni atakuambia leo ni siku gani bila kutazama kalenda. Mwamkie shikamoo kwanza. Mtu wa bara anayekurupuka na swali la bamvua kabla ya salamu hujibiwa neno moja tu, na neno hilo halimsaidii.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo barani Afrika. Kusini kuna Kisite-Mpunguti, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini, yenye bustani za matumbawe ambazo hata mwenye mrija tu anaziona. Lakini mahali ambapo ningemtuma mtu wa Busia kwanza ni Kuruwitu, Kilifi. Huko wavuvi wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walipoona nyavu zinarudi tupu, walikaa wakakubaliana kuliacha eneo la takriban hekta 30 lisivuliwe kabisa. Hawakusubiri amri. Samaki wakarudi, wakajaa, wakavuka mpaka wa eneo na kuingia kwenye nyavu za waliosubiri nje. Keti na wazee wale, uwaulize walimshawishije mtu mwenye njaa aache kuvua leo. Ukirudi na jibu hilo Sio Port, umeleta kitu cha maana kuliko picha mia za kasa.

Ndani ya maji, kanuni ni ya mikono: isiguse kitu. Tumbawe ni mnyama, au tuseme kijiji cha wanyama wadogo, na aina nyingine za duara hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Pezi moja la mguu likilipiga, umebomoa kazi iliyoanza kabla hujazaliwa. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo sana wanaolilisha. Maji yakipata joto kupita kiasi tumbawe huwatoa, hubaki jeupe, na joto lisipopungua hufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, matumbawe mengi ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipokufa katika msimu mmoja, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia tena kwenye wimbi la kupauka kwa matumbawe.

Usinunue makombe ya kupamba sebule. Kila kombe tupu ni nyumba ya kaa fulani asiye na nyumba. Chupa ya maji ya plastiki iache stendi: tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imekataza plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi za taifa na fukwe zake. Na ukiwa Watamu, ulizia kazi ya Local Ocean Conservation. Mvuvi akinasa kasa kwenye wavu hupiga simu, kasa akachukuliwa, akapimwa, akatibiwa akiwa mgonjwa, akarudishwa majini. Maelfu ya kasa wamepona kwa njia hiyo, na waliowaponya kwa kweli ni wavuvi walioinua simu.

Basi la kurudi

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa mtu wa Busia anaweza kufa, na vitabu vingi havikuandikwa vikimfikiria yeye.

Ukiwa chini, nitrojeni ya hewa ya mtungi inayeyuka kwenye damu na misuli yako kwa nguvu ya mgandamizo. Ukipanda polepole inatoka taratibu kwa pumzi. Mgandamizo ukipungua ghafla, nitrojeni hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa baada ya kutikiswa, na mapovu yakiziba mishipa utaumwa viungo, utapata ganzi, unaweza kupooza. Kwa hiyo wapiga mbizi hukatazwa kupanda ndege mapema: angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi za kurudia au za siku kadhaa. Kila mkufunzi anaisema kanuni hii, na kila mwanafunzi wa Busia hutikisa kichwa akiwaza kwamba haimhusu, maana yeye ana tiketi ya basi.

Sasa hesabu pamoja nami. Hewa ya ndani ya ndege kubwa huwekwa iwe sawa na ya mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi. Basi lako linaondoka Mombasa, usawa wa bahari. Nairobi ni karibu mita 1,700. Baada ya Nakuru linapanda Mau, na likishika njia ya Eldoret linapita Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700. Usiku wa manane, wewe umelala na shuka shingoni, basi limekupeleka juu kuliko ndege ambayo ungekatazwa kuipanda. Kisha unateremka Busia, mita 1,200 hivi, ukiwa na maumivu ya bega ambayo mama nyumbani atasema yameletwa na kiti.

Basi panga hivi. Mbizi ya mwisho iwe asubuhi. Siku hiyo lala Mombasa, na kesho yake pia kama mfuko unaruhusu. Zunguka Fort Jesus, kula mahamri na mbaazi, keti baraza uzungumze na watu, kunywa maji mengi. Treni ya kwenda Nairobi haikuondolei sharti hili, maana reli nayo inapanda. Ukiwa njiani ukihisi viungo vinauma, vidole vina ganzi, kichwa kinazunguka au uchovu umezidi kiasi, usiseme ni malaria. Mwambie kondakta, shuka kwenye hospitali kubwa ya karibu, mwambie daktari neno la kwanza kabisa kwamba ulipiga mbizi, na uombe oksijeni. Tiba kamili ni chumba maalumu cha mgandamizo, na chumba hicho hakipo Busia wala Tororo.

Kazi yenyewe iko mpakani

Umerudi salama, una cheti, una picha. Watu watakuuliza ni lini utaenda tena. Waambie kazi imeanza.

Anza na kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na adhabu inaweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Upande wa pili wa barabara yetu, sheria ya Uganda tangu mwaka 2009 imekataza ile myembamba isiyofika maikroni 30, lakini kaveera bado inaning'inia dukani. Kila mkazi wa mpakani anajua kinachotokea. Mifuko inavuka kwa njia za panya, chini ya gunia la mahindi, chini ya kiti cha pikipiki, ikauzwe Busia ya Kenya na mbele zaidi. Mvua ikinyesha inarudi mtaroni, na mtaro hauna pasipoti.

Kwa hiyo nenda soko la samaki na kikapu. Mama wa omena, ambaye upande wa Uganda ni mama wa mukene, atakuuliza, "Mwanangu, nikufungie kwenye hii?" Mjibu, "Hapana mama, mimina humu, na uniongezee kidogo kwa kuwa nimekuokolea mfuko." Akiongeza, umeshinda mara mbili. Akikataa, umeshinda mara moja, na waliosimama nyuma yako wamesikia. Watafiti waliochunguza samaki wa soko la Mwanza na kuchapisha matokeo mwaka 2016 walikuta plastiki ndogondogo matumboni mwa sangara na sato, takriban mmoja kati ya kila watano. Samaki hao hawajui mpaka wa Tanzania.

Ukimaliza omena mtazame sangara. Kwa makubaliano ya nchi tatu za ziwa, asiyefika sentimita 50 hapaswi kuvuliwa, na aliyezidi 85 aachwe azae. Beba kipimo cha fundi cherehani. Mnunuzi anayepima samaki mezani bila ugomvi, kila Jumamosi, ana nguvu kuliko doria, maana wakala atanunua kwa mvuvi kile tu kitakachouzika. Doria yenyewe tunaijua. Mwaka 2017 wanajeshi wa Uganda waliwekwa kulinda uvuvi upande wao, na wavuvi wa Budalang'i wamekamatwa mara nyingi kwa kuvuka mstari ambao majini hauonekani. Samaki wadogo wanahitaji kulindwa, na mvuvi maskini anahitaji kuheshimiwa. Sioni kwa nini tuchague moja.

Kisha kuna dhahabu. Kule Tiira, upande wa Uganda, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikamata, wakaichoma hadharani, wengine jikoni. Zebaki ikiingia majini haiozi. Vijidudu huigeuza kuwa sumu inayopanda kutoka kiumbe kidogo hadi kikubwa, na baharini huishia kwa papa na jodari, na kwa anayewala. Ghuba ya Minamata huko Japani ilionyesha ulimwengu sumu hiyo inavyomfanya mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 umepewa jina la mahali hapo. Mpiga mbizi wa Busia anayemfikishia mchimbaji mmoja chombo cha kunasa mvuke, na kumwonyesha kwamba zebaki iliyonaswa hutumika tena na kumpunguzia gharama, amehifadhi bahari zaidi kuliko aliyepiga picha na pomboo.

Mafunjo ya Sio-Siteko yasikatwe yote kwa ajili ya mpunga na matofali. Mizizi yake ndiyo inayochuja tope na mbolea kabla ya ziwa. Na mkulima wa Tororo, anayeishi karibu na vilima vya Sukulu vyenye fosfeti ya kutengenezea mbolea, aiweke mbolea shinani mwa mmea na aache ukanda wa nyasi kando ya mto. Fosfeti inayomfurahisha mkulima shambani ndiyo inayonenepesha magugu maji na mwani ziwani.

Vijana wenye vichwa vya sayansi wasidhani lazima wahamie Mombasa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kituo Kisumu. Uganda ina taasisi ya NaFIRRI Jinja, na huko huko Jinja kuna makao ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994. Zote ziko jirani na mpaka huu. Na anayesema kwamba bahari na ziwa ni mambo mawili amtazame Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndara kuukuu. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Mwaka 2021 likaletwa Kisumu likazunguka Ziwa Victoria, nchi zote tatu, likibeba ujumbe ule ule.

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda Februari 2018. Afisa wa Kenya na afisa wa Uganda wanaketi chini ya paa moja, wanakubaliana juu ya lori, juu ya ng'ombe, juu ya gunia la maharagwe. Wakubaliane na juu ya kaveera. Uganda ifunge mianya ya sheria yake na viwanda vinavyoitumia, Kenya iwape wachuuzi wadogo wa mpakani mifuko mbadala wanayoweza kuinunua, na halmashauri za pande zote mbili ziweke mapipa ya taka mahali penye mitaro, ziyamwage kabla ya mvua. Wewe uliyesoma hadi hapa, mwandikie mbunge wako, na wale tuliowapeleka Arusha kwenye Bunge la Afrika Mashariki, udai sheria moja ya mfuko kwa pande zote za mpaka.